Hatia ya Asiyejua

Mji wa Mbeya umelala chini ya mlima wa Loleza, na mji wa Iringa umekaa juu ya kilima kinachotazama bonde la Ruaha Mdogo. Kutoka mji wa kwanza hadi Bahari ya Hindi ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Kutoka mji wa pili ni karibu kilomita 500. Mtu aliyezaliwa huko juu, akazoea ukungu wa asubuhi na baridi kali ya mwezi wa Juni, husikia habari za bahari kama asikiavyo habari za ng'ambo. Akiambiwa kuwa maji ya pwani yana vijidudu viletavyo maradhi, navyo hukaa ndani ya chaza, kaa na samaki, hujibu kwamba shauri hilo ni la wala chaza. Jibu hilo lina sura ya kweli, maana umbali ni ngome ya zamani ya wanadamu. Walakini ngome hiyo ilibomoka zamani, na wengi wa waliomo ndani yake hawajapata habari.

Nyuma ya jibu hilo limejificha swali ambalo wenye hekima wamelibishania tangu kale: mtu aliyemdhuru mwenzake bila kujua, je, ana hatia? Swali hili aghalabu huulizwa barazani, watu wakiwa wameshiba, na jibu lake halimgharimu mtu kitu. Katika jambo la maradhi ya majini, jibu lake limegharimu roho za watu kwa maelfu.

Kwanza yafaa kijidudu chenyewe kifanyiwe insafu. Jamaa ya bakteria hao huitwa vibrio. Mmoja wao akitazamwa kwa darubini huonekana amepinda kama alama ya mkato, ana mkia mmoja, naye huogelea upesi. Maskani yao hasa ni maji ya vuguvugu yaliyochanganyika chumvi na maji ya mito, kama yale ya mikokoni na midomoni mwa mito. Hujishika kwenye viumbe wadogo mno waeleao majini, na juu ya magamba ya kaa na kamba. Magamba hayo huyala, na kwa kula huko huyarudishia maji vitu ambavyo, pasipo wao, vingelala chini ya bahari bila faida kwa kiumbe yeyote. Walio wengi hawamdhuru mtu. Lakini mmoja huingia mwilini kwa kidonda kilichoguswa na maji ya chumvi, au kwa chaza aliyeliwa mbichi, na mtu mwenye ini bovu aweza kufa naye katika siku chache. Mwingine alifahamika huko Osaka, Japani, mwaka 1950, watu 272 walipougua na 20 wakafa kwa kula samaki wadogo waliokaushwa nusu. Bwana Fujino Tsunesaburo ndiye aliyempata. Na watatu, aliye mashuhuri kuliko wote, ni yule wa kipindupindu, ambaye Robert Koch alimtambulisha kwa dunia mwaka 1884, ingawa Mtaliani Filippo Pacini alikuwa amemwona kwa darubini miaka 30 kabla yake na hakusikilizwa.

Kiumbe huyu hana kinyongo na mtu. Hakuumbwa na nia, na pasipo nia hapana hatia. Chui akimla mbuzi hapelekwi barazani, ila mchungaji huulizwa alikuwa wapi. Kwa hiyo neno la hatia, kama lina mahali hapa, mahali pake ni kwa binadamu aliyembeba kijidudu kutoka majini mwake akampeleka asikoweza kufika kwa mkia wake mwenyewe.

Nani basi alimbeba? Watu wa bara huona fahari kidogo kusema kwamba maradhi yalitoka pwani, na ushahidi wao si haba. Mlipuko wa mwaka 1977 uliibuka Rufiji ukaenea nchini. Ule wa mwaka 1997, uliokuwa mkubwa kuliko yote, uligusa watu zaidi ya 40,000 na kuua zaidi ya 2,200. Ule ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 ulisafiri kwa barabara zile zile zisafirishazo mahindi, viazi na mbao, ukafika mikoa mingi ya bara, Iringa na Mbeya zikiwamo. Lakini historia hairuhusu fahari hiyo idumu. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu watu mjini Unguja, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1876 juu ya milipuko ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Humo alifuata nyayo za mlipuko wa 1869 na 1870, akaona kwamba safari hiyo maradhi hayakuletwa na jahazi. Yalishuka kutoka bara kwa njia ya Umasai mpaka Pangani, ndipo yakavuka maji kwenda Unguja, ambako yalifanya maafa makubwa. Pwani siku hizo ingeweza kuinyoshea bara kidole, kama bara inavyoinyoshea pwani leo. Kidole cha namna hiyo hakina kazi nyingine ila kumwonyesha mtu mahali pasipokuwa kwake.

Tena Nyanda za Juu hazina haja ya kungoja bahari. Mteremko utokao Tukuyu hushuka hadi Kyela, na Kyela hukaa ukingoni mwa Ziwa Nyasa, nchi ya joto, mpunga na kokoa, yenye maji kila upande na mafuriko kila masika. Kijidudu cha kipindupindu, ingawa asili yake ni maji yenye chumvi, hujua pia kukaa katika maziwa na mito, na Kyela imeonja maradhi hayo mara nyingi. Kutoka ziwani hupanda usipa, dagaa wadogo weupe, hukaushwa juani na kupakiwa magunia kwa magunia hadi masoko ya Mbeya. Iringa nayo hupata samaki wa Mtera. Basi mla ugali wa mlimani ana ziwa ndani ya sahani yake, hata kama hajawahi kuona wimbi.

Na afikiriwe mwanamke mmoja wa Kyela, asiye na jina kwa kuwa ni wa mfano tu. Hununua usipa kwa mvuvi alfajiri, huwaanika mchangani, huwageuza kwa mikono yake, jioni huwafunga, na kesho yake yumo garini kwenda Mbeya. Mwanamke huyu ameambukizwa, lakini haumwi. Jambo hili si la ajabu: walio wengi miongoni mwa wapatwao na kijidudu hicho hawaoni dalili yoyote, au huona tumbo limevurugika kidogo tu, nao hukitoa katika choo chao kwa siku kadhaa. Hana harisho, hana homa, hana sababu ya kujishuku. Sokoni huwapimia watu usipa kwa mikono ile ile. Mmoja wa wanunuzi ana mtoto mdogo apendaye kutafuna dagaa wakavu kabla hawajafika jikoni. Mtoto huyo akifa, nani amemwua?

Wako wasemao kwamba hapana aliyemwua. Ni kudura tu. Jibu hili lina upole, na upole ni kitu chema, lakini hufunga mlango mapema mno. Aristotle alitofautisha mtu atendaye pasipo kujua na mtu ambaye kutojua kwake ni kazi ya mikono yake mwenyewe. Alitaja sheria zilizomwongezea adhabu mlevi, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kutolewa. Kwa kipimo hicho mwanamke wa Kyela huachiliwa, maana hakulewa wala hakuziba masikio, alikuwa kazini. Lakini yule aliyeambiwa na bwana afya mara tatu kwamba kisima chake kimechafuka, akaendelea kuwauzia jirani maji kwa ndoo, hawezi kukaa naye benchi moja na kudai kwamba wote wawili hawakujua.

Sheria ya Kiislamu ina kipimo kingine, nacho chastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa kimeona jambo ambalo wengi hawakuliona. Aliyeua kwa bahati mbaya haitwi muuaji wa makusudi. Hata hivyo haambiwi aende zake. Yako mambo mawili yanayomfuata. La kwanza ni kafara, nalo ni lake peke yake: amwache huru mtumwa, na asiyeweza afunge miezi miwili mfululizo. La pili ni diya, fidia wanayopewa warithi wa marehemu. Na wanazuoni wa fikihi waliamua kwamba diya ya kosa la bahati mbaya haitolewi na mkosaji peke yake. Hubebwa na jamaa zake wa upande wa baba. Waliosoma kanuni hii kwa haraka wamedhani ni huruma kwa maskini tu. Ndani yake mna fikira kubwa zaidi. Madhara yasiyo na nia hayana mtu wa kulaumiwa, lakini yana watu wa kuyabeba. Na mzigo ambao mmoja hauwezi, huwekwa juu ya mabega ya wale ambao katika siku za raha walifaidi kuwa pamoja naye.

Hapa ndipo jambo la usipa linapopata uzito wake. Watu wa Mbeya hufaidi mikono ya mwanamke yule siku zote: hula kitoweo chema kwa bei ndogo. Bei hiyo imekuwa ndogo kwa sababu usipa huanikwa mchangani, palipo na kuku, mbuzi na maji ya mvua yapitayo kutoka vyooni, na si juu ya chanja zilizoinuliwa. Na kwa sababu ufukweni hapana bomba la maji safi wala choo kilicho imara. Mlaji hujiwekea akiba kila siku kutokana na upungufu huo, kisha mlipuko ukitokea hushangaa na kuuliza ni nani aliyeleta uchafu sokoni.

Mfano wa namna hii ulionekana London, tena kwa watu wenye mali. Daktari John Snow anakumbukwa kwa mpini wa pampu ya mtaa wa Broad mwaka 1854, lakini kazi yake nzito zaidi ilikuwa nyingine. Makampuni mawili ya maji yaliuza maji katika mitaa ile ile, nyumba moja ikinunua huku na ya jirani yake kule. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamishia mabomba yake juu ya mto Thames mwaka 1852, mahali palipokuwa bado safi. Kampuni ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuchota chini, palipomwagika taka za mji. Snow alihesabu vifo. Kwa kila nyumba 10,000 zilizopata maji ya Lambeth walikufa watu 37. Kwa idadi hiyo hiyo ya nyumba zilizopata maji ya kampuni ya pili walikufa 315. Wanywaji hawakuwa na habari. Wengi hawakujua hata jina la kampuni iliyowauzia. Kama hatia ilikuwako, haikuwa jikoni mwao. Kutojua kwa mnywaji na kutojua kwa mwenye mabomba ni vitu viwili mbalimbali, ingawa vyaitwa jina moja: mmoja hakuwa na njia ya kujua, na mwingine kujua kungemgharimu fedha.

Imekuwa desturi ya watu, tangu waliposikia habari za vijidudu, kuitumia elimu hiyo kama fimbo kabla hawajaitumia kama taa. Mwezi wa Desemba 1997 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wabichi watokao Tanzania, Kenya, Uganda na Msumbiji, kwa ajili ya kipindupindu. Samaki wenyewe walikuwa sangara wa Ziwa Viktoria, waliokatwa minofu viwandani, wakahifadhiwa kwa barafu na kupelekwa mbali kupikwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hatari ya maradhi hayo kusafiri kwa njia ya biashara ya namna hiyo ni ndogo mno. Tanzania ililipeleka lalamiko lake mbele ya Shirika la Biashara Duniani, na katikati ya mwaka 1998 zuio likaondolewa. Katika miezi hiyo wavuvi, wabebaji na wasafishaji wa minofu, ambao hawakuwa wamemgonjesha Mzungu hata mmoja, walikaa bila kazi. Waswahili husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii ni nzuri kwa kumwonya mtoto ajihadhari na marafiki wabaya, lakini ni sheria mbovu ya biashara, na ni mbovu zaidi ikiwa ndiyo hukumu juu ya watu.

Ingekuwa rahisi kusimama hapo na kuilaumu Ulaya. Lakini yule mkaaji wa Mbeya aliyekasirishwa na zuio la Ulaya, mvua zikinyesha na habari za Kyela zikisikika, ndiye apitaye kwenye meza ya usipa akikunja pua na kumwambia mkewe asiguse kitu cha watu wa ziwani. Hofu yake ni ile ile, na dalili alizozitegemea ni zile zile: jina la mahali. Wala hofu hiyo haimlindi. Usipa akichemshwa mpaka mchuzi ukatokota, kijidudu hufa. Kachumbari iliyooshwa kwa maji ya mfereji, mbele ya nyumba yake, yaweza kumwua. Hofu ya namna hii ina madhara mengine: humfundisha mwenye maradhi kuyaficha. Familia inayojua kwamba ikimpeleka mgonjwa kambini jina lake litasemwa mtaa mzima, na biashara yake itakufa, hungoja usiku, kisha hungoja asubuhi, na mwili wa mgonjwa hukauka maji katika saa hizo. Mficha maradhi kifo humwumbua, ndivyo isemwavyo, na lawama yote humwangukia mficha. Lakini mara nyingi waliomfundisha kuficha ni majirani. Maradhi ambayo mgonjwa akiwahi kunyweshwa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, au kutiwa maji mshipani, huua chini ya mmoja katika mia, huua wengi pale aibu inapotangulia dawa.

Liko jambo gumu kuliko hayo, nalo ni la msiba. Katika Unyakyusa matanga ni mkutano mkubwa. Watu hutoka mbali, ng'ombe huchinjwa, wapishi ni wengi na mikono ni mingi. Katika nchi ya Iringa, mvua zinaponyesha, mianzi hugemwa na ulanzi hunywewa kwa kupokezana kikombe, nayo ndiyo majira ambayo kipindupindu hupenda. Mlipuko ukija, Serikali hukataza chakula matangani, hufunga vilabu, na maiti huzikwa chini ya usimamizi wa watu wa afya, kwa dawa ya klorini, jamaa wakiwa mbali. Kwa mtazamo wa hesabu amri hizo ni sahihi, wala mtu mwenye akili hawezi kuzipinga. Lakini binti aliyezuiwa kumwosha mama yake hajanyang'anywa uchafu. Amenyang'anywa haki ya mwisho aliyokuwa nayo ya kumlipa aliyemwosha yeye alipozaliwa. Wako maofisa walioitekeleza amri hii kana kwamba kilichozikwa ni taka. Wako pia waliompa binti glavu na ndoo ya klorini, wakamfundisha, wakasimama pembeni naye akafanya kwa mikono yake alilopaswa kufanya. Maiti wa namna zote mbili hawakumwambukiza mtu. Kwa kipimo cha tiba maofisa hao wako sawasawa; kwa kipimo cha utu, aliyetoa glavu ametenda haki, na mwenzake ametenda amri tu.

Yumkini msomaji atasema kwamba elimu ikienea, maswali haya yote yatakwisha: kila mtu atachemsha maji, atanawa mikono, na hatakuwako tena asiyejua. Elimu ni njema, lakini hata yenyewe huja vipande vipande. Mtu aliyefundishwa kwamba moto huua vijidudu, akasadiki, hujiona yu salama mbele ya sufuria yoyote itokotayo. Ananunua jodari aliyetoka pwani, akasafiri mchana kutwa na usiku kucha katika sanduku ambalo barafu yake iliyeyuka Morogoro. Ndani ya samaki huyo bakteria wengine, wasio wa jamaa ya kipindupindu, wametengeneza sumu iitwayo histamini. Moto huwaua bakteria, lakini sumu waliyoiacha haiharibiwi na moto. Mlaji huwa mwekundu usoni, kichwa humgonga, moyo humwenda mbio. Alitenda kama alivyofundishwa, na nusu ya elimu aliyopewa ilimtia ujasiri ambao mjinga asingekuwa nao.

Na mwenye sanduku lile? Yeye alijua. Alijua tangu Morogoro kwamba barafu imekwisha, na alijua bei ya barafu nyingine, na alijua kwamba samaki wale ni mtaji wote alio nao, wa mkopo. Huyu hawezi kuitwa asiyejua. Hatia yake ni ya kweli, na mahakama ikimtoza faini haitamdhulumu. Illa faini hiyo haitaweka barafu barabarani. Jamaa waliokuwa wakitoa diya hawakuishia kulipa tu. Kila aliyetoa sehemu yake alipata sababu ya kumtazama ndugu yake kwa jicho jingine, asije akamrudisha tena kwenye gharama ile. Halmashauri ikusanyayo ushuru kwa kila gunia la usipa lipitalo kizuizini ni jamaa kwa maana hiyo hiyo. Imefaidi, na imeandika katika daftari kiasi ilichofaidi.

Ufukweni Kyela chanja ya kuanikia huhitaji nguzo za miti, wavu na misumari. Si kitu kikubwa. Mwanamke wa mfano huu amekwisha kuipigia hesabu zaidi ya mara moja, akaona kwamba usipa wa juu ya chanja hukauka upesi, hauna mchanga, nao hukaa muda mrefu bila kuharibika. Lakini mnunuzi wa Mbeya hampi zaidi kwa ajili yake, kwa kuwa wakishamwagwa sokoni wote huonekana sawa. Basi asubuhi hutandika nyavu kuukuu juu ya mchanga, hufukuza kuku, na kuwageuza usipa wake kwa mkono.